Ndoa inapoyumba: maswali tunayoulizwa na wanandoa wa Lubumbashi

Kila Alhamisi jioni mimi na mume wangu tunawapokea wanandoa katika chumba kidogo nyuma ya parokia yetu, komini (sehemu ya mji) ya Katuba. Hatuna diploma ya saikolojia. Mimi nauza vitenge, yeye ni fundi wa umeme. Tumeoana miaka ishirini na sita, na ndani ya miaka hiyo kuna miezi minane ambayo hatukulala nyumba moja: yeye alikuwa Likasi kwa mkubwa wake wa kuzaliwa, mimi nilibaki na watoto wanne na hasira yangu. Waliotukutanisha tena ni wazee wawili, mume na mke, ambao hawakuwa na kitu cha kutupa isipokuwa viti viwili na muda wao. Tunayofanya leo tulijifunza kwao. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila wiki, na mengine tuliyauliza sisi wenyewe.

Nikiomba na kufunga, Mungu atambadilisha mwenzangu?

Hili huwa la kwanza, na anayeliuliza huwa ameshafunga. Mimi pia nilifunga. Mume wangu alipokuwa Likasi nilifunga siku ishirini na moja, daftari mkononi. Niliandika yote aliyonikosea, nikawa nayapeleka mbele za Mungu moja moja kama mtu anayepeleka faktire ya deni. Siku za mwisho, nguvu zimekwisha, nikaanza kulisoma daftari lenyewe. Kurasa kumi na moja, na mimi simo popote ila kama mwenye kuonewa. Hata deni la likelemba, ule mchango tunaopokezana kwa zamu, halimo. Nilikuwa nimekula zamu ya likelemba ya wamama wenzangu, nikakopa kwingine kuziba, nikamwambia mume wangu kwamba biashara imelala. Alijua. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe.

Basi ombeni, lakini msishangae Mungu akianza na yule aliyepiga magoti. Mwenzako ana hiari yake, na Mungu hamkokoti mtu kwa shati. Nilipompigia simu kumweleza habari za deni, hakurudi siku ile. Alinyamaza, akasema asante, akakata. Wiki tatu baadaye alikuja kuleta minerval (ada ya shule) ya watoto, akakaa, akaomba maji ya kunywa.

Nabii ameona kwamba nina mume wa usiku. Tufanyeje?

Shetani yupo, Biblia inamtaja wazi, nasi hatuna ubishi na hilo. Lakini tumewaona wanandoa wengi wakitoka kwenye chumba cha maombi na adui mpya na shida ileile ya zamani. Mume wa usiku, yaani pepo anayesemekana kulala na mke wa mtu, anaeleza kila kitu: kwa nini hamkaribiani, kwa nini mimba haishiki, kwa nini pesa haikai. Akishapatikana yeye, hakuna tena anayeulizwa habari za lutuku (pombe kali ya kienyeji), za simu inayolala chini ya mto, wala za vipimo ambavyo baba amekataa kufanya. (Mimba isipopatikana, sababu inaweza kuwa kwa mume, kwa mke, au kwa wote wawili, na daktari huwapima wote wawili. Tunalirudia hili kila mara na bado kuna mababa wanaoondoka wamenuna.)

Kuhusu mtumishi wa namna hiyo tunawashauri mjiulize mambo machache. Anawaita wote wawili, au mke peke yake? Anataka pesa kabla ya kuomba? Akimaliza kuomba, kuna mtu wa nyumbani anayechukiwa leo kuliko jana? Kama yupo, msirudi huko.

Na kuna jambo lisilo na mjadala kwetu. Ndoa ikiharibika, mara nyingine kidole kinaelekezwa kwa mtoto: huyu aliyekuja na mama yake kutoka ndoa ya kwanza, huyu anayekojoa kitandani, ndiye mchawi wa nyumba. Katiba ya Kongo, nchi yetu, ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inaweka adhabu. Mkija na neno hilo, mazungumzo ya ndoa yanasimama mpaka mtoto awe mahali salama.

Ugomvi wetu wote ni pesa. Imani inaingia wapi hapo?

Inaingia palepale kwenye mfuko wa bunga, unga wa mahindi.

Mji wetu una historia yake na mfuko huo. Tangu miaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, iliwaleta wanawake kambini ili wafanyakazi watulie, ikampa baba mshahara na posho, ikajenga shule na hospitali. Serikali ilipoitaifisha kampuni mwaka 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines, maisha ya kambini yaliendelea hivyohivyo. Baba alikuwa baba kwa sababu kila kitu cha kampuni kilipitia mikononi mwake. Miaka ya 1990 nyumba hiyo kubwa ikaporomoka, mishahara ikawa inasubiriwa miezi na miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Muulize mzee yeyote wa Kenya (komini yetu, si nchi ile) kuhusu hiyo hiari, utaona anavyocheka.

Ni nani aliyelisha watoto miaka hiyo? Mama. Kwa meza ya makala mbele ya nyumba, kwa samaki wakavu, kwa safari za Kasumbalesa na mzigo kichwani. Baba akabaki na kiti cha mkubwa wa nyumba bila kile kilichokuwa kikimkalisha pale. Kwa aibu akaanza kuficha kidogo anachopata. Mama naye, kwa hofu, akaanza kusema moyoni: pesa ya bwana ni yetu sote, pesa yangu ni yangu. Sisi tulio na miaka hamsini leo tulikulia ndani ya nyumba hizo, na tukaingia katika ndoa zetu tumeshajua kuficha. Katika chumba chetu sijaona nyumba ambamo anayeficha ni mmoja tu.

Kwa hiyo tunachowaomba ni kigumu kuliko kufunga siku tatu bila maji. Mara moja kwa mwezi, mume na mke wanakaa mezani na karatasi moja. Kila mmoja anaandika alichopata, anachodaiwa, zamu yake ya likelemba, alichowatumia ndugu zake. Kabla ya kuandika tunawasomea Matendo ya Mitume sura ya 5, habari za Anania na Safira. Watu hucheka kidogo, maana wale angalau walikuwa wamesikilizana kabla ya kudanganya. Lakini kisa kile kinawasaidia kuona kwamba Petro hakuwauliza kwa nini wamebakiza pesa. Kiwanja kilikuwa chao, na pesa yake ilikuwa yao. Aliwauliza habari ya uongo.

Mara ya kwanza huwa mbaya. Baba mmoja alikuja na karatasi yake, na hesabu ikaonyesha kwamba kwa miezi mitatu alikuwa ametoa pesa nyingi kwa matanga ya ukoo kuliko kwa chakula cha watoto wake. Hanywi, hana mwanamke wa nje. Alikuwa hawezi tu kukataa mchango mbele ya wajomba zake. Mke wake alikuwa amemshuku miaka miwili, akinusa mashati. Yeye naye, zamu yake ilipofika, alilia kwanza, kisha akaandika: dola mia tatu, kwa mtu fulani sokoni, akiba ya siku atakayoachwa.

Walipanga kiasi cha mwisho cha matanga kwa mwezi, na mume akaahidi kusema mwenyewe kwa wajomba, si kumtupia mke lawama. Sehemu ya zile dola ilinunua mahindi mapema, kabla bei haijapanda, maana wote tunajua Zambia ikizuia mahindi yake kutoka, mfuko wa bunga hapa unakuwa dhahabu. Sehemu nyingine ilibaki ya mke, kwa jina lake, mume akijua. Hapo mimi na mume wangu hatukukubaliana. Yeye aliona akiba hiyo ni mlango uliobaki wazi. Mimi niliitetea. Mtu aliyeogopa miaka miwili hawezi kuambiwa aache kuogopa Jumatatu asubuhi.

Biblia inasema mume ni kichwa. Mbona mnawapa wanawake nguvu?

Tunamwomba baba anayeuliza asome Waefeso 5 kwa sauti, ila aanze mstari wa 21, si wa 22. Mstari wa 21 unawaambia wote wanyenyekeane. Kisha aendelee mpaka wa 25: «Enyi waume, wapendeni wake zenu, kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake.» Mara nyingi sauti hupungua njiani.

Kwa sheria ya nchi, Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya kisheria. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliiondoa ruhusa hiyo. Mume bado anaitwa mkuu wa nyumba, lakini mambo ya kisheria yanayowafunga yanataka mapatano ya wote wawili. Kuna mababa hawajapata habari hiyo, na kuna wamama pia.

Ananipiga. Mchungaji amesema nivumilie na kuomba.

Ondoka kwanza. Tutaomba ukiwa salama.

Hatuwaweki viti viwili mbele ya mtu anayepigwa na anayempiga, kwa sababu atakalolisema mke saa kumi na moja jioni atalilipia saa tatu usiku. Tunamwona mke peke yake, na mume peke yake, siku tofauti. Nenda hospitali ukapate cheti cha daktari hata kama hutaki kushtaki leo, maana utakapotaka, alama zitakuwa zimepona. Polisi wana kikosi cha kulinda watoto na wanawake. Kulazimishwa kitandani nako ni kupigwa.

Kwa Wakatoliki wenzangu wanaoogopa dhambi: sheria za Kanisa, kanuni ya 1153, zinamruhusu aliye katika hatari, yeye au watoto, kuondoka nyumbani, na kama kuna hatari ya kungoja, anaondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Kuvumilia msalaba hakuna maana ya kumsaidia mtu kukupigilia misumari. Wengi hutukumbusha Malaki 2, kwamba Mungu anachukia kuachana. Ni kweli, na mstari huohuo unaendelea kusema habari za mtu anayefunika vazi lake kwa udhalimu. Nusu hiyo haihubiriwi sana.

Je, mume anayepiga anaweza kubadilika? Tumeona wawili. Wote wawili waliacha pombe kabisa, walikubali mke aishi kwingine muda mrefu, na hawakudai msamaha kwa tarehe. Anayelia leo na kudai mke arudi kesho, kwetu bado hajaanza.

Amekuwa na mwanamke (au mwanaume) wa nje. Nimsamehe?

Kusamehe na kurudiana ni mambo mawili. La kwanza Bwana analitaka kwako hata kama yule hajaomba. La pili linataka watu wawili, na linataka kazi. Deuxième bureau (nyumba ndogo) ifungwe kweli, namba ifutwe mbele ya mwenzako, na kama kuna mtoto aliyezaliwa huko, asifichwe na asiadhibiwe. Ana haki ya baba yake. Kabla ya kurudi kulala pamoja, nendeni wote wawili mkapimwe virusi vya SIDA (UKIMWI) na magonjwa mengine ya zinaa. Wapo wanaoona kwamba kupima ni kukosa imani. Sisi tunaona ni kumpenda mwenzako kwa kipimo.

Ndugu zetu Wakasai hutuuliza juu ya tshibawu. Kwa asiyejua: katika desturi ya Waluba wa Kasai, mke akienda nje ya ndoa analeta laana inayoweza kumgusa mume au watoto, mpaka aungame na kufanyiwa utakaso. Najua mapadri wanaoikemea yote kwa pumzi moja. Mimi naona kuna kitu wazee walikijua: kwamba uzinzi si siri ya watu wawili, unaingia mpaka kwenye sahani ya mtoto, na hautoki bila mtu kusema «nimekosa» mbele ya wenzake. Ninachokataa ni kwamba mzigo huo uko kichwani mwa mwanamke peke yake. Siku Yesu alipoletewa mwanamke aliyekamatwa katika uzinzi, yule mwanaume hakuletwa. Mpaka leo haletwi.

Mume wangu anafanya kazi Kolwezi. Tunaharibika kwa umbali.

Kilomita mia tatu si bahari, lakini barabara hiyo imevunja nyumba nyingi. Mume anarudi mwisho wa mwezi akiwa amechoka, anakuta mke amezoea kuamua peke yake, watoto wanamwamkia kama mgeni. Siku ya kwanza ni bukari (ugali) na kuku, ya pili ni ugomvi, ya tatu anapanda gari.

Tunachoona kinasaidia ni simu ya saa moja maalumu, kila siku, ya dakika kumi, ambayo habari za pesa haziruhusiwi. Watoto walale, simu ipigwe, zaburi moja fupi isomwe, mmoja asome nusu na mwingine nusu, kisha kila mmoja aseme jambo moja la siku yake. Pesa ina siku yake, ile ya karatasi. Na kama kuna njia ya familia kuhamia huko, hata kwa chumba kimoja, ihesabuni vizuri kabla ya kuikataa. Tumewaona waliojenga nyumba nzuri hapa kwa pesa ya Kolwezi, nyumba ambayo leo inakaliwa na mpangaji.

Familia zetu hazitaki ndoa hii. Kabila si moja.

Hapa Katanga hatuwezi kulizungumza hili kama mchezo. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai wengi walifukuzwa, familia zikalala kwenye stesheni za treni za Likasi na Kolwezi zikingoja kuondoka, na kulikuwa na nyumba ambamo mke ni wa upande huu na mume wa upande ule. Wazee wa pande zote mbili wanakumbuka. Unapomleta mkwe wa upande wa pili, shangazi anayekasirika pengine hamwoni huyo kijana, anaiona stesheni.

Kwa hiyo msikimbilie kusema «familia yangu ni ya washenzi». Wapeni nafasi ya kusema yaliyowapata. Baada ya hapo, Mwanzo 2 inabaki palepale: mtu atawaacha baba na mama yake. Kuacha hakuna maana ya kutupa. Maana yake ni kwamba neno la chumbani halipelekwi kwa mama kabla ya kusemwa kwa mume. Na kila mmoja anajibu kwa watu wake: mume anaongea na dada zake, mke anaongea na kaka zake. Kwa wale ambao kwao mjomba wa upande wa mama ana sauti kubwa, kama Wabemba na Walamba, mwenye kumweleza mjomba ni mtoto wa dada yake, si yule aliyeolewa juzi.

Mume wangu hataki kuja.

Njoo peke yako. Hatutamsema. Mara nyingi anakuja baadaye kuangalia tunamsema nini.

Yeye anasali kanisa lingine. Inawezekana kuponya ndoa bila kanisa moja?

Mimi ni Mkatoliki, mume wangu alilelewa Mmethodisti na bado anaimba nyimbo zao vizuri kuliko zetu. Hatukuwahi kugombania ubatizo hata siku moja. Tuligombania kilichokuwa mfukoni, nani alipika, nani alichelewa. Kanisa likiwa sababu ya ugomvi, angalieni kama halijafunika sababu nyingine.

Hatujafunga ndoa ya kanisa, tuko yaka tofanda (tunaishi pamoja tu). Tunaweza kuja?

Ndiyo. Wengi wetu Lubumbashi tulianza hivyo: kujionyesha kwa wazazi, sehemu ya mahari, mtoto, na mengine yakangoja. Tutawauliza tu ni nini kinangoja. Kama ni pesa ya sherehe, padri au mchungaji wenu anaweza kuwafungisha ndoa asubuhi ya kawaida bila kinywaji hata chupa moja. Kama ni kwamba mmoja wenu hataki kufungwa, ni vizuri mwingine ajue sasa. Kumbukeni pia kwamba ndoa ya kanisa peke yake serikali haiihesabu. Nendeni kwenye ofisi ya état-civil (usajili wa ndoa) ya komini. Msipochagua mfumo wa mali hapo, sheria inawawekea ule ambao mnachokipata pamoja ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Wajane wanaofukuzwa na ukoo siku ya tatu ya matanga huwa hawana karatasi hiyo.

Nyinyi ni Jamaa?

Hapana, ingawa kisima ni hicho. Wale wazee wawili waliotusaidia walikuwa Jamaa, chama cha Kikatoliki cha wanandoa, tangu ujana wao. Vijana hawaijui tena, basi niseme kidogo. Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuja Kongo mwaka 1933 na mwanzoni, kama wenzake, alifundisha. Miaka ya 1950, akiwa upande wa Kolwezi na wafanyakazi wa migodi, aligeuka kuwa mtu wa kusikiliza, na kutoka katika kusikiliza huko Jamaa ikazaliwa. Iliwapokea mume na mke pamoja, ikawaita baba na mama, ikajenga mafundisho yake juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Ilikuwa na matatizo yake, vikundi vingine vikapotoka, na maaskofu wakalazimika kuingilia. Lakini ilisema jambo ambalo mpaka leo sijalisikia likisemwa vizuri zaidi: kwamba mume na mke wanaweza kuzaana, yaani kila mmoja kumzaa mwenzake upya kwa kumfungulia mawazo yake. Yule mama mzee alituuliza, katika kikao cha kwanza: «Nani kati yenu anajua mwenzake aliota nini wiki hii?» Tulitazama chini.

Hatusemezani. Tutaombaje pamoja?

Msianze na maombi marefu. Maombi marefu katika nyumba yenye ugomvi ni mahubiri yenye macho yaliyofumbwa: «Bwana, mguse mtu anayechelewa kurudi nyumbani...» Anayeguswa anajijua.

Anzeni na Baba Yetu, mkiwa mmekaa, si lazima mshikane mikono. Mkifika «utusamehe makosa yetu» simameni. Kila mmoja ataje kosa moja la kwake la siku hiyo, la kwake tu, kwa sentensi isiyo na neno «lakini». Mwingine asijibu. Malizieni sala. Basi. Kwa juma la kwanza inatosha, na wengi wanasema ndiyo dakika tano ngumu za siku. Waefeso 4 inasema jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Sisi tunawaruhusu jua lichwe mara chache. Ugomvi wa saa sita usiku haujawahi kutuzalia kitu.

Ikishindikana kabisa?

Inatokea. Kwa Mkatoliki, ndoa halali haivunjwi, lakini mahakama ya Kanisa inaweza kuchunguza kama ilikuwa halali tangu mwanzo: kama mtu alilazimishwa, alidanganywa juu ya jambo kubwa, au hakuwa na nia ya ndoa. Tangu tarehe 8 Desemba 2015 utaratibu aliouweka Papa Fransisko ni mwepesi zaidi. Hukumu moja yaweza kutosha, pale ambapo zamani zilihitajika mbili. Ongeeni na paroko, msisikilize maneno ya njiani. Kwa Waprotestanti kila kanisa lina msimamo wake, na wengi husoma Mathayo 19 pamoja na Wakorintho wa kwanza sura ya 7. Kwa serikali, talaka inaombwa mahakamani, na jaji lazima kwanza ajaribu kuwapatanisha.

Aliyeachana hafukuzwi katika chumba chetu. Tunaye dada mmoja ambaye ndoa yake ilikufa, na ndiye anayepika chai.

Watoto tuwaambie nini?

Ukweli mfupi. «Baba na mama wamekosana, wanatafuta msaada, si kosa lenu.» Usimtume mtoto kumpelekea baba maneno. Binti yangu mkubwa, alipokuwa na miaka kumi, alikuwa posta yetu kwa miezi minane. Ana nyumba yake sasa, na bado akitupigia simu anauliza kwanza kama tuko wote wawili.

Mnalipisha? Inachukua muda gani?

Hatulipishi. Wengine huja mara nne, wengine mwaka mzima, wengine hupotea tukawakuta sokoni wameshikana mikono au hawajuani. Tunaanza saa kumi na moja jioni, kila Alhamisi isipokuwa Alhamisi Kuu. Mkija mmekasirikana, viti viko vingi, si lazima mkae karibu.